Vipodozi vya kila siku kwa pochi nyembamba: kuanzia cha kulipia hadi cha kuacha dukani

Kimkoba changu cha vipodozi leo kina vitu sita. Zamani kilikuwa hakifungi zipu, na bado nilikuwa nikitoka nyumbani uso una rangi moja na shingo nyingine. Kilichobadilika ni swali ninalojiuliza kabla ya kutoa hela: nikikosea hapa, kosa litaonekana? Faundesheni isiyo yako inaonekana hata na aliye ng'ambo ya barabara. Wanja mweusi wa bei chee, ukishapakwa, ni mweusi tu. Hakuna atakayejua ulitoka kasha la aina gani. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa uzito wa kosa na sikujali ukubwa wa jina la kampuni. Juu kabisa kuna kile ambacho ukikosea umeumia, na kadiri tunavyoshuka ndivyo unavyoweza kubana matumizi.

Krimu ya kuzuia jua siihesabu humu kwa sababu hiyo ni ya ngozi, wala usiridhike na SPF, yaani namba ya kinga ya jua, iliyoandikwa kwenye faundesheni. Namba ile hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Ukijipaka faundesheni kwa wingi huo utatembea kama sanamu ambayo haijakauka.

1. Konsila (na faundesheni, kama kweli unaihitaji)

Hapa ndipo hela iende. Ila anza na konsila, ile ya kuficha madoa, kabla ya kuiwazia chupa ya faundesheni inayopakwa uso mzima. Jitazame kwenye kioo karibu na dirisha: utakuta sehemu kubwa ya uso haina tatizo lolote. Kinachosumbua ni weusi chini ya macho, doa mbili tatu za chunusi, na wekundu au weusi pembeni mwa pua. Hizo ni sehemu za kugusa kwa nukta. Kichupa cha konsila mara nyingi hakifiki mililita 10, wakati chupa ya faundesheni kwa kawaida ni mililita 30, lakini kwa kuwa unadonoa tu, kichupa hicho kinakwenda mbali.

Sasa rangi, maana ndiyo kazi yenyewe. Kuna mambo mawili na wengi tunaangalia moja. La kwanza ni kiwango cha weusi au weupe. La pili ni mwelekeo wa rangi iliyo chini ya ngozi: inaelekea njano, inaelekea nyekundu, au iko katikati. Watu wawili wenye weusi uleule wanaweza kupaka konsila moja, mmoja ikamkaa na mwingine ikamgeuza kijivu. Ndiyo maana kuazima jina la rangi kwa rafiki hakusaidii sana.

Usijaribie kwenye mgongo wa mkono, kwa sababu mkono na uso haviungui jua sawasawa. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kuanzia chini ya shavu, ipite kwenye taya, ifike shingoni. Kisha toka nje. Usichague chini ya taa za duka. Baadhi zina umanjano, baadhi zina ubuluu, na zote zinadanganya. Zunguka robo saa, kwa sababu rangi nyingi hubadilika zikikauka na kukutana na mafuta ya ngozi, na mara nyingi huongezeka giza au kuelekea chungwa. Mstari uliopotea ndio wako.

Mimi hilo la taa nililijua kwa kuaibika. Nilinunua faundesheni ndani ya duka, muuzaji akanisifia "imekukubali", nikalipa. Kesho yake kazini tukapiga picha ya pamoja kwa fleshi. Wenzangu wote walitoka watu. Mimi nilitoka kama niliyechungulia kwenye gunia la unga. Baadaye ndipo nilipolisoma kasha. Karibu na mwanzo wa viungo kulikuwa na titani dioksidi, unga mweupe unaorudisha mwanga. Kwenye makasha mengi utauona umeandikwa CI 77891. Rangi zinazoleta uhai wa ngozi ni oksidi za chuma: CI 77491 ni nyekundu, 77492 ni njano, 77499 ni nyeusi. Karibu kila faundesheni ina mchanganyiko wa hizo nne, kwa hiyo kuiona 77891 peke yake si sababu ya kukimbia. Lakini kama ngozi yako ni nyeusi na bidhaa imechaguliwa rangi ya juu kidogo kuliko wewe, huo weupe utajitokeza kwanza kwenye picha.

Habari njema ni kwamba uchaguzi umepanuka. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilipoingia sokoni na rangi 40 kwa mpigo, ilikuwa vigumu kwa wengine kuendelea kuuza rangi nane na kuziita za kila mtu. Kampuni ikikuwekea rangi mbili tu nyeusi, nyingine zote za weupe, usijilazimishe hata kama ina punguzo. Ukijikuta katikati ya rangi mbili, chukua iliyokaribia zaidi na shingo yako. Kama bado ni nzito, changanya tone lake na losheni yako kiganjani. Rangi haitabadilika, ila itakuwa nyepesi kiasi kwamba kosa dogo halitaonekana.

Na bidhaa yoyote ya kufunika inayoahidi pia "kung'arisha" au kubadilisha rangi ya ngozi, irudishe ilipokuwa. Baadhi ya krimu za namna hiyo zimewahi kukutwa na zebaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeweka vipodozi vyenye zebaki kwenye orodha ya bidhaa za kuondolewa sokoni.

2. Penseli ya nyusi

Ukiniambia nichague kitu kimoja tu cha kutoka nacho nyumbani, ni hiki. Nyusi zikikaa sawa, uso wote unaonekana umelala vizuri hata kama ulikesha.

Kwa nywele nyeusi chukua kahawia iliyokolea. Penseli nyeusi tititi huwa inaleta sura ya mtu aliyekasirika. Halafu angalia uzito ulioandikwa. Penseli nyembamba za kuzungusha, zile zinazoonekana za kisasa, nyingi zina chini ya gramu 0.1 ya rangi. Penseli ya mti ya kuchonga ina karibu gramu 1. Ni zaidi ya mara kumi, na mara nyingi ya mti ndiyo ya bei nafuu! Gharama yake ni kuwa na kichongeo tu.

3. Lipstiki moja yenye kazi mbili

Lipstiki ya kawaida ya krimu inafaa pia kuwa rangi ya mashavu. Nukta mbili kila shavu, gongagonga kwa kidole hadi kingo zipotee, basi. Unakuwa umenunua vitu viwili kwa bei ya kimoja, na rangi za mdomo na mashavu zinapatana zenyewe bila wewe kuhangaika. Zile za maji zinazokauka na kung'ang'ania usizijaribu mashavuni. Zinashika kabla hujazisambaza na utabaki na mabaka.

Rangi ya kila siku isiende mbali na rangi ya ndani ya mdomo wako. Dukani ijaribie kwenye ncha ya kidole, ambako ngozi inafanana zaidi na mdomo kuliko ngozi ya mkono. Usiipake mdomoni moja kwa moja kutoka kwenye sampuli ya duka. Hujui imepita midomo mingapi, na vidonda vya homa husafiri kwa njia hiyohiyo.

4. Poda

Ya kushindiliwa yenye kioo kwenye mfuniko inatosha. Paka paji la uso, pua na kidevu. Ukipaka uso mzima unauzima. Poda nyeupe laini zinazouzwa kuwa "hazina rangi" nyingi zimejaa unga wa madini uitwao silika, na zikikutana na fleshi zinakurudisha kwenye lile gunia langu la unga.

5. Maskara na wanja

Kuanzia hapa bana matumizi bila aibu. Maskara hukaa karibu na jicho, kijiti chake huingia na kutoka kila siku kikibeba vijidudu, kwa hiyo baada ya miezi mitatu hivi inabidi itupwe hata kama haijaisha. Kwa nini ulipe bei kubwa kwa kitu chenye maisha mafupi hivyo? Isitoshe, kampuni moja mara nyingi humiliki majina ya juu na ya chini: L'Oréal ya Ufaransa inamiliki Lancôme, na inamiliki pia Maybelline. Tazama kijiti kuliko jina. Kope fupi zinataka kijiti chembamba kitakachofika kwenye shina. Zile brashi nono zitakupaka kigubiko cha jicho. Ikianza kukauka usiiongezee maji, na mate usiyafikirie kabisa.

Wanja wa penseli, vilevile, nunua wa bei chee. Onyo langu ni kwa wanja wa unga usio na orodha ya viungo. Baadhi husagwa kutoka jiwe la galena, ambalo ni salfaidi ya risasi, madini yenye sumu, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hairuhusu wanja wa aina hiyo kutumika kama rangi ya vipodozi. Kama kasha halikuambii ndani kuna nini, usiliweke karibu na jicho lako, sembuse la mtoto.

6. Vifaa

Sponji moja na brashi moja ya nyuzi za kutengenezwa. Zioshe kwa sabuni kila wiki. Vidole ni bure na konsila inavipenda, kwa kuwa joto lake huilainisha.

Unapokuwa mbele ya rafu

Gawa bei kwa gramu au mililita kabla ya kusema kitu ni rahisi. Saizi ndogo za majaribio huwa ghali zaidi ukizipigia hesabu, lakini kwa konsila ambayo hujaizoea bado zina faida, maana hasara ni ndogo rangi ikikataa.

Tafuta mchoro wa kikopo kilichofunguliwa mfuniko, chenye namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua. Mimi huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito chini ya chupa, la sivyo nasahau.

Feki zina dalili zake: maandishi ya kasha yaliyofifia au yenye makosa ya herufi, namba ya toleo iliyopo kwenye kasha lakini haipo kwenye chupa, harufu kali ya rangi ya ukuta, na bei ambayo hata muuzaji wa jumla asingeipata. Shosti, bidhaa halisi ya jina dogo ni salama kuliko feki ya jina kubwa.

Vya kuacha

Praima, ile ya kuandaa ngozi kabla ya vipodozi: losheni yako ikipewa dakika tano za kukauka inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Dawa ya kupulizia ili vipodozi visitoke: kwa siku ya kawaida ya ofisini au darasani, acha. Seti za zawadi: hesabu ndani mna vitu vingapi ambavyo ungevinunua kimoja kimoja, kisha linganisha.

Na palete kubwa za rangi za macho. Ninayo moja ya rangi 18. Kahawia mbili nimezichimba hadi bati la chini linaonekana, na zile 16 bado zina alama ya kiwandani juu yake, hazijaguswa. Siku hizi nanunua kahawia hizo mbili peke yake, kila moja kwenye kikopo chake.