Amplifaya za pedali za gitaa: ipi ununue kwa jukwaa na studio, nimezipanga kuanzia ya kwanza kushuka

Wakuu, maswali ya amplifaya za pedali yamekuwa mengi siku hizi na wengi wanauliza ipi ina saundi nzuri kabla hawajajibu swali moja la msingi: waya ukitoka kwenye hiyo pedali unaenda wapi? Unaenda kwenye miksa ya ukumbi au kwenye kabineti yako ya gitaa, yaani boksi la spika? Hapo ndo hela ya mtu inapopona au kupotea, maana kwa macho hivi vitu vinafanana, kiboksi cha chuma kina nobu juu na swichi ya kukanyaga, lakini ndani ni jamii mbili tofauti kabisa.

Jamii ya kwanza haina nguvu ya kusukuma spika. Yenyewe inatengeneza saundi ya amplifaya pamoja na saundi ya spika yake kwa kutumia IR, yaani faili fupi sana lililochukuliwa kwa spika halisi iliyowekewa maiki, alafu inakutolea laini iliyokamilika tayari kwa miksa, kompyuta au hedifoni. Boss IR-2, Strymon Iridium, zile za Universal Audio na ToneX One zote ziko huku. Jamii ya pili ina wati ndani, unachomeka waya wa spika unaenda kwenye kabineti na gitaa linalia, huku ndo utakuta Blackstar Amped 1, Quilter SuperBlock, Electro-Harmonix 44 Magnum na Seymour Duncan PowerStage. Ukinunua ya kwanza ukaichomeka kwenye kabineti tupu hupati sauti ya maana, na ukinunua ya pili wakati kanisani kwenu kila kitu kinapita kwenye miksa basi umelipia wati ambazo hutazitumia.

Jambo lingine ni muziki wenyewe. Riviu nyingi za mtandaoni zinafanywa na watu wa roki na metali, wanahukumu pedali kwa distoshen, yaani saundi ya kukwaruza. Sasa sisi tunaopiga dansi, rumba, gospo, chakacha, tunahitaji kitu kingine. Mpiga solo anataka saundi safi inayong'aa juu, sebene ikikolea kila noti ijitenge hata vidole vikimbie vipi, na mpiga ridhim anataka asimezwe na kinanda. Kwahiyo mimi nimepanga kwa usafi wa saundi kwanza, pili inaelewana vipi na miksa na umeme wetu, distoshen inakuja mwisho. Mtu wa metali anaweza kuupindua huu mpangilio na akawa sahihi kwake.

Namba moja naiweka Boss IR-2. Ilitoka 2023 kwa takriban dola 200 huko Marekani, ina ukubwa uleule wa pedali ya kawaida ya Boss, na ndani kuna aina 11 za amplifaya. Usibabaishwe na hiyo 11, kwa kazi zetu utaishi kwenye mbili tatu: Clean, Twin na pengine Diamond ambayo inafuata njia ya amplifaya ya Vox AC30. Weka Clean, nobu ya gain iweke chini kama saa tatu (ielekee kwenye 9 ya uso wa saa), besi punguza kidogo kwa sababu besi gitaa na kiki ya dramu tayari zimejaza huko chini, trebo ipandishe taratibu mpaka usikie ncha ya kucha kwenye waya alafu urudi nyuma kidogo, ambience (mwangwi wa ndani ya pedali) weka ndogo sana maana ukumbi wenyewe una mwangwi wake wa kutosha. Hapo mpiga solo ameshapata anachotafuta. Ina chaneli mbili za kubadilisha kwa kukanyaga, moja ya ridhim na nyingine imeongezwa level kwa solo, na hii peke yake inaokoa zile kelele za kumpungia mkono fundi mitambo akuongezee. Ina tundu la hedifoni la kufanyia mazoezi usiku bila kuamsha nyumba, ina USB ya kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta kwahiyo studio ya chumbani hauhitaji kununua audio interface (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) kwa kuanzia. Upungufu wake ni kwamba haina tundu la XLR (lile la pini tatu kama la waya wa maiki), waya wa jeki ukiwa mrefu kutoka jukwaani mpaka kwenye miksa unaokota mvumo, kwahiyo bajeti yako iweke na DI box, kiboksi cha kupeleka laini kwenye miksa bila huo mvumo.

Namba mbili inategemea una kabineti au la. Kama huna, ruka uende ya tatu. Kama unayo, Blackstar Amped 1. Hii ni wati 100 na ina swichi ya kuishusha mpaka 20 au 1, ina riveb (mwangwi) ndani, na ina XLR yenye saundi ya kabineti ndani yake kwahiyo unaweza ukasikia gitaa mgongoni kwako kwa kabineti huku miksa nayo inapokea laini safi, yaani inafanya kazi za jamii zote mbili. Kwa bendi zinazozunguka, leo ukumbi una monita nzuri kesho hakuna monita kabisa, hii ndo inakutoa wasiwasi. Na wati 100 hapa usizione nyingi ukadhani ni kelele tu, saundi safi inakula wati kuliko distoshen kwa sababu ukipiga waya kwa nguvu kile kilele cha noti kinataka nafasi ya kupita bila kupasuka. Ila ujue pia wati zikizidishwa mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, kwahiyo mtu asikuuzie 100 kwa maneno kwamba ina kelele mara mbili ya 50. Spika yenyewe ndo inaamua mengi.

Tatu ni Strymon Iridium, na kama ningepanga kwa saundi peke yake ingekuwa juu. Ilitoka 2019 kwa dola 399. Ina amplifaya tatu tu, ya kwanza inafuata Fender Deluxe Reverb, ya pili AC30, ya tatu Marshall Plexi, kila moja na kabineti tatu, na nobu ya room inayoweka gitaa ndani ya chumba kwa namna ambayo ukisikia kwenye hedifoni unasahau kama hakuna spika. Ukigusa polepole inanong'ona safi, ukikandamiza inakwaruza kidogo, inafuata mkono. Kwa studio ni chaguo zuri mno. Kilichoishusha kwangu ni bei pamoja na umeme: inataka volti 9 kwa miliampia 500, sasa ukiichomeka kwenye ile adapta moja yenye waya wa mnyororo inayolisha pedali tano haitapata umeme wa kutosha, na ikiwaka inaleta mvumo. Inataka adapta yake au pawa saplai yenye matundu yaliyotenganishwa. Ndugu yake wa karibu ni Dream '65 ya Universal Audio, amplifaya moja tu ya Fender lakini imefanywa kwa undani, riveb ya springi na vibrato vimo, nayo inataka miliampia 400 na haina tundu la hedifoni. Kwa anayerekodi saundi safi tu, Dream inamtosha kabisa.

Quilter SuperBlock US naiweka ya nne. Ni ndogo, nyepesi, inaingia kwenye mfuko wa gitaa, ukitumia adapta yake ya volti 24 inatoa wati 25, na ukiichomeka kwenye volti 9 ya ubao wa pedali inawaka pia ila nguvu inashuka sana, hiyo ni ya mazoezi. Saundi zake tatu zote ni za Fender za zamani. Wati 25 zinatosha kwa bendi ya watu watatu wanne kwenye baa au kwa kwaya, lakini kwa bendi kubwa yenye dramu nzito, tumba na magitaa matatu ukitaka usafi wa kweli itachoka, hapo ipeleke kwenye miksa.

ToneX One ya IK Multimedia ya 2024 ni kidude kidogo mno, kinabeba nakala za amplifaya halisi zilizonaswa na watu mbalimbali, na saundi yake kwa bei yake ni nzuri sana. Ila kuipanga kunahitaji ukae kwenye kompyuta uchague, na nakala ni nyingi mpaka mtu anachanganyikiwa. Kama unapenda hizo kazi ichukue, kama unataka kuchomeka na kupiga rudi kwa IR-2.

Kwa mwenye bajeti ndogo, Joyo American Sound. Ni analojia, imefuata pedali ya Blonde ya Tech 21, kampuni ya New York iliyoanza hii biashara na SansAmp mwaka 1989. Nobu sita, betri ya volti 9 au adapta, na saundi yake safi yenye joto inakaa vizuri kwenye miksa kwa hela ambayo mwanafunzi anaweza kuikusanya. Kuna kitu kimoja ukijue: ukiikanyaga ikazima, ile saundi ya kabineti nayo inazima, miksa inapokea gitaa tupu na inatoka nyembamba kali kama nyuki ndani ya kopo. Kwahiyo iweke mwisho wa ubao, iwashe, usiiguse tena mpaka shoo iishe.

44 Magnum na PowerStage 170 ni kwa ambaye tayari ana pedali ya jamii ya kwanza au pedali za priampu (zinazotengeneza saundi tu bila nguvu) na anataka tu nguvu ya kusukuma kabineti. Magnum usiipe kabineti ya chini ya 8 ohm (ohm ni kipimo cha ukinzani wa spika). PowerStage inatoa wati 170 kwa 4 ohm, ukiweka ya 8 zinapungua. Na ukiziunganisha hivyo, zima IR kwenye pedali yako, la sivyo utakuwa na spika juu ya spika na saundi itakuwa butu kama imefunikwa.

Sasa kabla hujatoa hela, hasa ukinunua mkononi kutoka kwa mtu aliyetoka nayo Marekani. Geuza adapta usome pale palipoandikwa INPUT. Ikisema 100-240V hiyo inakubali umeme wetu, ikisema 120V peke yake ukiichomeka kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya umeiua, na zile zenye wati zinazoingia umeme wa ukutani moja kwa moja angalia maandishi ya nyuma vilevile. Waya wa spika ni tofauti na waya wa gitaa hata kama jeki zinafanana, waya wa gitaa kwenye tundu la kutolea spika unapata moto na unaweza kuunguza amplifaya. Na ukichomeka XLR kwenye miksa muombe fundi mitambo azime 48V (umeme wa kulisha maiki) kwenye chaneli yako kwanza, alafu ashushe fader (kitelezi cha sauti), ndo uchomeke.