Nyuzi za udi gramu 30, nauli ya kilo 3

Nimetoka kuchukua mzigo sasa hivi, hata kofia sijavua, na hasira ninayo, kwa hiyo mkiona nimeruka herufi mnistahamilie. Mzigo wenyewe ni nyuzi za udi, ile ala ya taarab, si udi wa kufukiza. Seti moja. Nyuzi 11, ukizikunja zinaenea kwenye bahasha ya barua, nimezipitisha kwenye mizani ya muuza duka wetu hapa mtaani anayopimia bizari, gramu 30 na ushei pamoja na kikaratasi chake. Bei yake dola 17. Kunifikishia hapa Unguja, dola 48. Na hapo sijasema nilichoacha kaunta, nakuja huko, subirini.

Ni kama uende Darajani kununua limau moja halafu umlipe mtu wa teksi akupeleke Nungwi na kukurudisha.

Najua kuna atakayesema si ununue hapa hapa. Wapi? Nioneshe duka. Nyuzi za gitaa utapata, ukibahatika, na ukitoka hapo ndo basi. Udi una jozi tano na uzi mmoja wa besi peke yake, nyembamba ni nailoni, zile nene zimeviringishiwa waya, na kila mmoja una unene wake, huwezi kuchukua tu wa gitaa ukasema utakwenda hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba tunakwenda hivyo hivyo. Mie tangu mwaka jana au mwaka juzi huko, sikumbuki vizuri, zile jozi mbili za juu napigia mshipi. Mshipi huu huu wa kuvulia, wa wavuvi, unauzwa kwa roli. Unalia, sisemi haulii, lakini unalia kama mtoto mwenye mafua, na joto la ukumbi likizidi unalegea, basi kila baada ya wimbo mmoja mie nimeinama nakaza vigingi wenzangu wa fidla wananitazama kwa jicho la pembeni. Kuna harusi moja bi harusi mwenyewe aliuliza yule baba anatafuta nini.

Sasa kuna duka moja Istanbul, wauzaji wa nyuzi tu, siwataji jina kwa sababu wao kwa kweli sina ugomvi nao sana, au ninao kidogo, mtaona. Zamani nilikuwa nanunua kwao na kulikuwa na kisanduku cha kuchagua, posta au ile ya haraka. Nachagua posta, dola chache tu, napewa namba inayoanza na herufi mbili na kuishia na TR, halafu nasahau. Nasahau kabisa. Miezi miwili baadaye nakuta kikaratasi kwenye sanduku la posta, naenda, natoa kitambulisho, natoa vijisenti, yule mama ananiuliza habari za nyumbani, naondoka na bahasha yangu. Hakuna kilichowahi kupotea. Mara moja tu ilifika imelowa.

Ikaja korona, ndege zikasimama, wale jamaa wakaiondoa ile posta, na tangu hapo haijarudi. Nimewaandikia mara mbili. Wanajibu kwa adabu sana kwamba kwa usalama wa mteja wanatumia kampuni ya haraka pekee. Usalama wa mteja! Mteja gani, mie? Mie sikuwa na hatari yoyote, mie nilikuwa nasubiri tu.

Basi nikasema potelea mbali, msimu wa harusi unakuja, nikabonyeza. Haraka haraka gani sasa. Kuna ndege inatoka Istanbul inakuja kutua hapa hapa uwanjani Kisauni imejaa watalii, mie naisikia ikipita juu ya bati langu usiku, mzigo wangu haukupanda hiyo. Mzigo wangu ulitembezwa. Naufuatilia kwenye simu kama mtu anayefuatilia mechi, leo uko Ulaya, kesho uko Nairobi, keshokutwa Dar, ukafika Dar ukalala. Siku tano umelala Dar. Maji haya hapa katikati, boti zinavuka asubuhi mchana na jioni, na nyuzi zangu zimelala upande wa pili kama mgonjwa. Mke wangu akaniambia si uvuke ukazichukue, nikamwambia wameandika hairuhusiwi, lazima zifike ofisi ya huku. Sawa.

Leo naenda ofisini. Hapa ndo penyewe.

Naingia, natoa salamu. Assalaam aleikum. Kijana yuko nyuma ya kaunta, peke yake, hakuna foleni, hakuna simu inayolia, ana kikombe cha urojo pembeni na kile kitu cheupe cha masikioni sikio moja. Hakuitika. Nikarudia, pengine hakusikia. Akanyanyua macho akasema, "Namba."

Jamani. Mie nina miaka arubaini na kitu, nimeingia ofisi nyingi nchi hii, nimekutana na watu wamechoka, watu wana njaa, watu wamefiwa, lakini mtu kuacha salamu ikaanguka chini hivi hivi mbele ya macho yangu, Unguja hii, mara mbili, hilo mie ni geni kwangu. Nikampa namba. Akaenda nyuma akarudi na boksi.

Boksi, nasema. Mie nilitarajia bahasha. Boksi la kiatu cha mtu mzima, tena kiatu cha buti. Nikamwambia mwanangu huu si mzigo wangu, mie nimeagiza nyuzi. Akageuza karatasi iliyobandikwa juu, jina langu hilo, na uzito umeandikwa kilo 3.

Nikamwomba anieleze gramu 30 zimekuwaje kilo 3 njiani, zimenenepa? Hapo kwa haki yake alinieleza, tena vizuri, kwa ile sauti ya mtu aliyekariri. Kwamba hawapimi uzito tu, wanapima na nafasi. Urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, unagawa kwa 5,000, unapata kilo, na kati ya hiyo na uzito wa mizani wanachukua iliyo kubwa. Boksi langu ni 30 kwa 25 kwa 20. Nimepiga hesabu hapo hapo kwenye simu mbele yake, 15,000, gawa kwa 5,000, tatu. Kweli, tatu. Kwa hiyo nimelipia kilo 3 za hewa ya Istanbul. Hapa ndo nasema wale wa duka nina ugomvi nao kidogo, kwa sababu nimefungua boksi ndani kuna makaratasi ya kukunjwakunjwa tele na katikati bahasha imelala peke yake kama maiti kwenye jeneza la mtu mwengine. Ungeiweka kwenye bahasha nene nani angekulaumu?

Halafu akanigeuzia risiti. Shilingi 62,000. Nikauliza ushuru umekuwa elfu sitini na mbili? Hapana, ushuru na kodi ni elfu kumi na tisa. Iliyobaki ni "kushughulikia" na "stoo". Stoo ya nini? Ya siku tatu. Siku tatu zipi? Tangu mzigo ufike. Nani aliniambia umefika? Mfumo unatuma ujumbe. Nikatoa simu nikampa, tafuta ujumbe. Hakuna. Akasema basi mtandao. Kwa hiyo mtandao wenu ukikosea nalipa mie? Hapo ndo akatoa lile neno, na nimelibeba tangu pale hadi hapa, nimepita nalo kwenye daladala nzima:

"Mzee, kwani nani alikulazimisha kuagiza?"

Na hakulisema kwa ukali, lingekuwa la ukali ningelijibu. Alilisema huku anachovya kijiko kwenye urojo.

Nilinyamaza. Nikavuta karatasi ya kusaini. Peni yao imefungwa kwenye kaunta isiibiwe, na imefungwa kwa nini? Mshipi. Wallahi tena ule ule, namba ile ile ninayoifunga mie kwenye udi, naijua kwa kidole. Nimesimama pale nimeshika peni, nimeugusa kwa ukucha, ting, ukalia ile sauti yake ya mafua, na yule kijana akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Nikasaini, nikalipa, nikatoka. Nje nikakumbuka kwamba sikumwambia hata kwaheri, kwa hiyo na mie pengine ni walewale.

Jirani yangu mmoja alifanya kazi posta miaka mingi, sasa amestaafu, nikampitia kwake kumwaga hasira, akacheka sana. Akaniambia wewe unadhani bei ya kifurushi inatokana na umbali, haitokani na umbali, inatokana na makubaliano. Nchi 22 zilikaa Bern mwaka 1874 zikaunda huu Umoja wa Posta Duniani, na mpango ukawa kwamba dunia nzima ni kama wilaya moja ya posta, barua ikitoka kwako kwangu itapita. Baadaye wakawekeana malipo, posta inayotuma inamlipa yule anayepokea gharama ya kumfikishia mtu mlangoni, na nchi zinazoendelea zikawekewa kiwango cha chini, China ikiwa humo humo. Ndo maana, akasema, kuna wakati mtu wa Marekani alikuwa anaweza kuletewa kava ya simu kutoka China kwa nauli ndogo kuliko aliyetuma kutoka mji wa pili kwao. Wamarekani wakachoka, mwaka 2018 wakatoa notisi ya kujitoa, 2019 wakakutana Geneva wakaelewana kwamba nchi zinazopokea vifurushi vingi zijipangie bei zake. Hizi kampuni za haraka haziko kwenye mkataba huo, zinapanga zenyewe. Nikamwambia sasa mie na nyuzi zangu tunaingia wapi hapo? Akasema hamuingii popote, ndo tatizo lako hilo, wewe ni mmoja na nyuzi zako ni seti moja.

Mie nikawa nafikiria mengine. Mwaka 1928 Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarab, na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi, watu na ala zao, na santuri zikarudi zikauzwa hapa hadi bara. Karibu miaka mia nyuma huko. Leo mie nashindwa kuvusha uzi.

Basi nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua, nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sufuri. Nilianza kuandika hivi hivi mnavyosoma. Halafu nikaacha simu nikazifunga nyuzi, maana zimeshalipiwa zitakaa za nini kwenye bahasha. Nikatoa ule mshipi, nikafuta mavumbi, nikafunga mpya moja moja, jozi ya juu mwisho, nikachukua risha, kile kidude cha kupigia nyuzi.

Sasa hapa sijui niseme nini. Ile jozi ya juu ilivyotoka, kavu, wazi, bila kile kimafua, mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Hakusema kitu, na huyu si mtu wa kusimama kwa ajili ya udi, huyu udi anauona kama mke mwenza. Nimepiga kama saa nzima. Boksi liko pale chini mtoto ameshaingia ndani yake anasema ni gari.

Kwa hiyo nyuzi zenyewe nyota tano, sina la kusema, wale Waturuki kazi yao wanaijua na kama wakisoma hapa wanitumie kwa bahasha tu nitawaombea dua. Kampuni ya haraka, nilisema moja, labda mbili, maana mzigo umefika mzima na haujalowa, na yule kijana hesabu ya ujazo alinifundisha kwa subira. Hapana. Nimekumbuka ile salamu. Moja. Tena na nusu yake ningeitoa.

Hesabu jumla nimeifanya na sasa naijutia, ukiweka dola 17, dola 48, na ile elfu sitini na mbili ya kaunta, hii seti imekula zaidi ya ninacholipwa harusi moja, na seti ikipigwa kila wiki haifiki mbali. Tulikaa wapigaji wanne tukasema tuagize pamoja, seti kumi boksi moja, nauli igawanywe, wazo zuri kabisa, limekufa kwa sababu mmoja anataka nyuzi za Kituruki zenye kukazwa juu, wengine tunataka za Kiarabu, na wa nne hajatoa pesa mpaka leo, anajijua.

Iliyobaki ni njia ya zamani. Binamu yangu yuko Muscat, kule anasema zipo, lakini yeye haji mpaka Idi Kubwa. Kama kuna mtu hapa anatoka Muscat, au Istanbul, au hata Cairo, kabla ya hapo, na ana begi lenye nafasi ya bahasha moja, gramu 30 tu, hata usalama wa uwanjani hawatakuuliza, anitumie ujumbe. Pesa natuma kabla. Na salamu yako nitaiitika.