Apu ya hesabu za kukunja bati: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Hii apu kazi yake ni kukupa urefu wa kukata bati kabla hujalikunja, unaingiza unene, engo, radiasi ya ndani (ukubwa wa duara la ndani ya kona) na K fakta inakutolea jibu hapo hapo. Mwanzo niliipenda balaa, maana nilichoka kukisia na kuharibu bati.

Siku ya siku nina kifuniko cha mikunjo 4, bati la 2mm, nimekunja nikapima, kimezidi karibu milimita 2 nzima! Nikalaumu mashine, nikamlaumu aliyekata, kumbe apu inakuja na K 0.5 na radiasi imeilinganisha na unene wa bati, na mimi sijagusa kitu.

Sasa K ndo nini, ukikunja bati upande wa nje unavutika wa ndani unabanwa, pale kati kuna mstari haurefuki wala haufupiki, K ni umbali wa huo mstari toka uso wa ndani ukigawanya kwa unene. 0.5 ni katikati kabisa, lakini kwenye mkunjo wa kawaida mstari unasogea ndani, mimi kwa chuma laini natumia 0.42. Na radiasi, kama bati haligandamizwi mpaka chini ya dai (kile chuma cha chini chenye mfereji wa V) basi inafuata uwazi wa V, chuma laini ni kama asilimia 16 ya huo uwazi. V yangu ni 16mm, kwahiyo radiasi ni kama 2.6 sio 2. Mfano mkunjo mmoja, pande za 50 na 30 kwa nje, digrii 90, apu ilisema kata 76.7, ukirekebisha inakuja 76.2. Nusu milimita, haya zidisha mara 4.

Kingine, inaonyesha namba mbili za mkunjo bila kusema ipi ya nini, moja unajumlisha na sehemu zilizonyooka, nyingine unatoa kwenye jumla ya vipimo vya nje. Siku ya kwanza nilitoa ile ya kujumlisha, acheni tu 😅

Saivi kabla ya kuiamini nakata kipande cha 100, nakunja digrii 90, napima pande zote mbili kwa nje najumlisha, nikapata 103.8, basi 3.8 ndo ya kutoa kila mkunjo.

Nyota 3. Hesabu zake ziko sawa ila haihifadhi K yako, ukiifunga inarudi 0.5, yangu nimeiandika kwa maka peni ubavuni mwa mashine.