Skopu (darubini ya juu ya bunduki) ya kuwindia dubu mweusi: msinunue kama nilivyonunua mimi

Septemba iliyopita niko juu ya dungu huku jimbo la Maine, Marekani, mita kama 30 kutoka kwenye pipa la chambo (donati za juzi, harufu imeniingia mpaka kwenye nywele), saa 1 na robo usiku. Sheria ya huku inakuruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo nilikuwa na kama dakika 20 mkononi. Mara dubu huyoo. Kwenye skopu namuona vizuri, masikio, pua ya kahawia, kila kitu. Nisichokiona ni msalaba, ile mistari ya kulengea! Msalaba mweusi mwembamba juu ya dubu mweusi na giza linaingia, ni kama unaandika kwa mkaa kwenye kitako cha sufuria. Nikashusha bunduki, dubu akala donati akashiba akaenda zake.

Skopu yenyewe ni 4-16x50, yaani inakuza mara 4 mpaka 16 na kioo cha mbele ni milimita 50, muuzaji wa mtandaoni aliniambia "dada, kubwa ndo nzuri". Kubwa ya nini na dubu wa kwenye chambo anakaa mita 20 mpaka 50, ukimtazama kwa 4 tayari ni mkubwa kwenye kioo, ukizidisha hujui hilo ni bega au tumbo.

Kwa hiyo mi sasa naangalia kitu kimoja tu, nukta inayowaka katikati ya msalaba. Na si kuwaka tu, muulize muuzaji inafifia mpaka wapi, maana zingine hata ukishusha mpaka mwisho bado zinang'aa kama taa ya bodaboda na dubu humuoni tena. Ukiwa dukani zima mataa wakikubali, wasipokubali lenga koti jeusi kwenye kona yenye giza.

Ya kwanza kwangu ni Leupold VX-3HD 1.5-5x20 yenye FireDot (ndiyo nukta yao inayowaka), na ndiyo, naipendelea, sifichi. Ukiiacha imetulia dakika 5 inajizima, ukigusa bunduki inawaka yenyewe, huhangaiki na kitufe wakati dubu kakutegea sikio. Wengine watasema 20 ni kioo kidogo. Gawanya kioo kwa ukuzaji: 20 kwa 3 unapata duara la mwanga la karibu milimita 7 linalofika jichoni, ile 50 yangu kwenye 16 inakupa 3 na kitu. Jioni weka 3 uiache hapohapo.

Ya pili Aimpoint Micro H-2, ya Waswidi. Haikuzi kitu, ni nukta tupu, betri inakaa miaka, ila ni zaidi ya dola 600 na ukitaka kujua kama dubu ana watoto nyuma yake inabidi ubebe na darubini ya 8x42. Ya tatu Vortex Strike Eagle 1-6x24, inawaka vizuri lakini nzito na michoro mingi mno ndani.

Za dola 80? Zipo. Kama huna zaidi, chukua yenye msalaba mnene.

Na hawa wa mtandaoni, kurudisha ile yangu wakanikata asilimia 15 ati ya kuirudisha kwenye rafu, usafiri juu yangu, halafu zile pete za kufungia skopu hawakuzichukua kabisa kwa sababu eti "zina alama ya skrubu". Sasa pete utazijaribuje bila skrubu? Ziko kwenye droo ya jikoni mpaka leo, anayezitaka aseme.