MOTS-c niliyoagizia Lubumbashi: nyota moja kati ya tano

Vichupa vyangu vitatu vya MOTS-c, unga wa kuchanganya na maji na kujichoma sindano ili kupunguza uzito na kuongeza pumzi, vilipita mpaka wa Kasumbalesa ndani ya katoni ya simu, bila hata kipande cha barafu. Katika kimoja unga ulikuwa umeganda upande mmoja wa kioo kama sukari iliyopata unyevu. Lebo inasema ni ya utafiti tu, si ya kutumiwa na binadamu. Muuzaji huyo huyo alinitumia WhatsApp maelekezo ya kujichoma tumboni! Nilipodai cheti cha maabara, ikaja picha yenye namba ya toleo tofauti kabisa na ya kichupa. Kumuuliza, akajibu: "Niamini, kaka."

Sayansi yenyewe ipo. MOTS-c ni peptidi fupi, yaani kipande kidogo cha protini, ya asidi amino 16, na maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye DNA ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), si ya kiini cha seli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California waliitangaza mwaka 2015: panya waliolishwa mafuta mengi, wakichomwa sindano yake, hawakunenepa kama wenzao, na insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi. Panya hao ndio mtaji wa muuzaji. Asichosema ni kwamba haijaidhinishwa kuwa dawa, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, imeipiga marufuku kwa wanamichezo. Sisi wachezaji wakongwe wa Jumapili pale Katuba hakuna wa kutupima, ila mdogo wangu anacheza ligi; huyo nimemkataza hata kuishika.

Mwilini mwangu? Kila nilipochoma palivimba, pakawa pekundu na kuwasha hadi kesho yake. Mizani haikusogea. Uwanjani niliona pumzi imeongezeka kidogo, lakini kipindi hicho hicho nilikuwa nimeacha bukari (ugali) ya usiku, kwa hiyo sifa hiyo siwezi kuipa sindano. Halafu kuna suala la friji. Ukishaichanganya na maji lazima ikae kwenye baridi, na kwetu umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi hujui unajichoma dawa au maji matupu.

Kichupa cha tatu sijakifungua. Niliomba nirudishiwe pesa yake, muuzaji akasema bidhaa ya utafiti hairudishwi. Nikamuuliza, kumbe ni ya utafiti? Hajajibu mpaka leo, ila matangazo yake ya punguzo yananifikia kila wiki.