Daftari la rangi za maji: kabla ya kuuliza uzito, uliza gundi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mtu amechora chui wake vizuri kwa penseli, amechovya brashi, amepaka mgongo, na hapohapo vinachomoza vidoa vyeusi ambavyo havifutiki hata afanyeje. Mwingine anachora maumbo ya dhahania tu, duara juu ya pembetatu, na kila ukingo unaota manyoya, yaani rangi inavuja nje ya mstari. Wote wakirudi kwa muuzaji huambiwa wametia maji mengi. Si kweli. Tatizo liko kwenye karatasi, hasa kwenye kitu ambacho ni nadra kukikuta kimeandikwa kwenye jalada: gundi.

Ndiyo maana hapa sizungumzii jalada, kamba ya alama wala ukubwa. Hayo unayaona mwenyewe. Hata zile gramu 300 kwa mita ya mraba zinazosifiwa kila mahali husaidia karatasi isijikunje ikilowa, basi. Rangi itakaaje juu yake ni habari nyingine.

Karatasi isiyo na gundi hunywa maji kama kitambaa cha kufutia meza. Watengenezaji huitia gundi ndani wakati rojo la kutengenezea karatasi bado ni majimaji, na walio makini huipaka tena juu, mara nyingi jelatini itokanayo na wanyama. Mafundi wa Fabriano, Italia, walikuwa wakitumia jelatini tangu karne ya 13. Gundi hiyo huishikilia rangi juu kwa muda, ukapata nafasi ya kunyonya tone kwa brashi kavu na kuacha mwanga kwenye jicho la paka, au kuilaza rangi sawasawa ndani ya mraba mzima. Ikishaharibika, rangi huzama papo hapo na kupauka. Inayoiharibu ni unyevu na joto la ghala, ukungu, mafuta ya vidole, na kifutio kinachosuguliwa kwa nguvu. Kwa macho karatasi inaonekana nzima kabisa, ndiyo maana watu wengi wanauziwa mbovu bila kujua.

Basi lijaribu daftari siku ileile uliyolinunua, risiti ikiwa bado mkononi. Fungua ukurasa wa mwisho, dondosha tone la maji safi, kisha uinamishe kuelekea kwenye mwanga. Kwenye karatasi isiyoharibika tone husimama limevimba, ukingo wake unang'aa, na linakaa hivyo kwa muda. Likitandaa na kuacha kivuli cha kijivu mara moja, rudisha. Halafu paka ukanda mpana wa rangi nzito, indigo (buluu iliyokolea) kwa mfano, utazame kama vidoa vinachomoza. Njano huficha vidoa, na ultramarini, nayo ni buluu, ina punje zake za asili, zitakuchanganya. Paka na upande wa pili wa karatasi pia, maana kwenye daftari unatumia pande zote mbili.

Sasa mpangilio wangu. Sifichi mapenzi: naipenda Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza mwaka 1584, na daftari lake la pamba asilimia 100, gramu 250, kurasa 60, ndilo la kwanza. Manyoya ya mnyama yanataka upake rangi juu ya maji, usubiri, urudi na brashi yenye ncha kabla hapajakauka, na pamba hukaa na unyevu muda mrefu kuliko karatasi ya mbao. Hapo unapata mbavu za mbwa zilizofifia vizuri, na bado sikio lake lina ukingo mkali. Ila soma lebo mpaka mwisho. Kiwanda hichohicho kina daftari jingine la gramu 200 lisilo la pamba, majina yanakaribiana sana, na wapo wauzaji wanaoyachanganya rafu moja huku bei ikiwa ya lile bora. Hilo linaniudhi kweli.

La pili ni Beta la kampuni ya Stillman & Birn, gramu 270. Halina pamba, lakini limetiwa gundi ndani na nje, na anayechora zaidi maumbo ya dhahania huenda akalipenda kuliko langu: mistari inatoka safi, na rangi zinabaki zimechangamka zikikauka. Arches ya Ufaransa, ya tangu 1492, pamba tupu yenye jelatini, kwa karatasi peke yake haina mpinzani. Naiweka ya tatu kwa sababu mara nyingi utaikuta kama pedi iliyogundishwa pembeni au karatasi moja moja, na anayeweka daftari anataka kufunua kurasa na kuona kobe wa jana karibu na miduara ya leo.

Moleskine la rangi za maji, gramu 200, linatosha kwa rangi nyepesi safarini. Canson XL ni la mazoezi ya mkono. Ya bei ya chini kuliko hapo yajaribu kwa tone, ukiona tone linazama, daftari hilo liwe la penseli.

Kinachonikera zaidi ni haya madaftari yaliyofungwa kwa plastiki, yameanikwa dirishani juani, hayana tarehe ya kutengenezwa, na muuzaji hataki uguse hata ukurasa mmoja. Rangi ya tyubu unaruhusiwa kuifungua kifuniko ukaone kama imekauka. Kwa nini karatasi, ambayo nayo huharibika, tununue tukiwa tumefumba macho? Na bei ya kitabu kilichoshonwa mara nyingi inapita mbali ile ya karatasi iliyomo ndani. Anayeona amebanwa anunue karatasi nzima za pamba, zile za sentimita 56 kwa 76. Moja inatoa vipande vinane vya 19 kwa 28. Vikunje katikati, vipange vinne vinne, vishone kwa uzi uliopakwa nta. Nawe mikono iwe imeoshwa na kukauka kabla hujaanza kukunja, na vikishashonwa uvitunze ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu, mbali na brashi zilizolowa.