Seti ya chemba za PVC za kupimia gesi joto: inunue, lakini badilisha mipira kwanza

Seti hizi zinafanana karibu zote, hata zikitengenezwa na watu tofauti. Kuna pete za PVC za kipenyo cha sentimita 30 zinazozamishwa ardhini, mifuniko ambayo ikikaa juu ya pete hufanya chemba ya kimo cha sentimita 20 hivi, mabomba ya sindano ya mililita 60 yenye koki za njia tatu, na boksi la vichupa vya mililita 12 vilivyotolewa hewa. Unafunika udongo kwa nusu saa, unavuta hewa ya ndani mara nne, unapeleka vichupa maabara, kisha mashine ya kromatografia, inayotenganisha gesi moja moja, inakupa kiasi cha gesi joto tatu, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia: kaboni dioksidi, methani na oksidi ya nitrasi. Haitaki betri wala chaja. Ikianguka unaifuta vumbi na kazi inaendelea.

Kwa anayetaka kujua udongo wake unatoa nini, hakuna kifaa kingine cha gharama ndogo kinachofikia hapa. Shida ni kwamba ikitumika kama ilivyotoka kwenye boksi, itadanganya, na itadanganya kimyakimya: vichupa vitajaa, maabara italeta namba, grafu itachorwa, na zote zitakuwa pungufu.

Anza na mipira, yaani vizibo. Seti nyingi huja na vizibo vya silikoni kwenye tundu la kuvutia hewa, kwa sababu silikoni ni laini na sindano huingia bila kusukumwa. Ulaini huo ndio ubaya wake, kwani gesi hupenya ndani ya silikoni kwa urahisi kuliko karibu mpira mwingine wowote. Agiza vizibo vya mpira wa butili, ambao gesi haiupenyi kirahisi, na angalia pia vya vichupa. Kizibo kilichotobolewa mara kadhaa kitupwe hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Sponji inayokaa kati ya pete na mfuniko nayo iwe ya seli zilizofungwa. Ibonyeze ndani ya maji kisha uiachie. Ikinyonya maji, itapitisha hewa. Klipu nne zinatosha, mbili hazitoshi: mfuniko hunyanyuka kidogo upande usio na klipu, na upepo unamaliza kazi.

Kuna kitu kimoja ambacho mnunuzi mgeni hukiziba akidhani ni kosa la kiwandani, nacho ni kijibomba chembamba kwenye mfuniko. Kiache wazi. Kazi yake ni kusawazisha kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya ndani na ya nje unapovuta hewa au unapofunika, ili usiinyonye gesi kutoka ardhini kwa nguvu. Chemba ya vipimo hivi ina lita 14 hivi, na mivuto minne ya mililita 30 haifiki asilimia 1 ya hewa hiyo, kwa hiyo hofu ya kuimaliza haina msingi.

Pete ndiyo inayokula muda. Izamishe sentimita 10, iache sentimita 5 juu, na uigonge kwa nyundo ya mpira juu ya ubao ili ishuke sawasawa. Tumia pima maji. Udongo ukiwa mkavu na wenye nyufa, gesi hupita chini ya ukingo wa pete na kutokea nje, hivyo zamisha zaidi. Usipime siku hiyohiyo. Mizizi iliyokatwa na udongo uliotikiswa hutoa kaboni dioksidi nyingi kwa muda, na saa 24 ni kiwango cha chini kabisa cha kusubiri.

Sasa kosa la kijitabu cha maelekezo, ambalo ni kubwa kuliko la mipira. Hesabu inakutaka uweke kimo cha chemba, na kijitabu kinakupa sentimita 20 kana kwamba ardhi ni meza. Kimo halisi ni umbali kutoka usawa wa udongo ndani ya pete hadi dari ya mfuniko. Mvua ikishindilia udongo au pete ikizama, kimo hicho hubadilika. Pima kwa rula sehemu nne hadi tano ndani ya kila pete, chukua wastani, na urudie baada ya kila mvua kubwa. Ukikosea sentimita 2 kati ya 20, umekosea asilimia 10 kabla hata hujafungua kichupa.

Mfano wa hesabu: oksidi ya nitrasi imepanda kutoka sehemu 0.34 hadi 0.40 kwa kila sehemu milioni za hewa ndani ya dakika 30. Hiyo ni 0.12 kwa saa. Zidisha kwa kimo cha mita 0.20, gawa kwa ujazo wa moli moja ya gesi (mita za ujazo 0.0245, yaani lita 24.5, kwenye nyuzijoto 25 usawa wa bahari), zidisha kwa gramu 28 za nitrojeni zilizo ndani ya moli hiyo. Unapata mikrogramu 27 hivi za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa saa. Lakini kwenye mwinuko wa mita 1,800 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya usawa wa bahari, na jibu linashuka kwa kiwango hichohicho. Jedwali la kompyuta linaloambatana na seti mara nyingi halina hata safu ya kanieneo. Iongeze mwenyewe, pamoja na ya joto la ndani ya chemba.

Uvutaji wenyewe: dakika 0, 10, 20 na 30. Pampu bomba taratibu mara mbili tatu ili hewa ya ndani ichanganyike, vuta, funga koki, kisha sukuma mililita 20 ndani ya kichupa cha 12. Ziada hiyo ni ya makusudi, kwani kichupa chenye kanieneo kubwa kikivuja hutoa hewa badala ya kuingiza ya nje. Usifupishe hadi mivuto miwili. Gesi inavyojaa ndani ya chemba, udongo hupunguza kasi ya kutoa, na mstari hupinda. Ukiwa na nukta mbili hutauona mpindo huo, utachora mstari mnyoofu na kupunguza jibu. Kwa mistari iliyopinda kuna njia ya Hutchinson na Mosier ya mwaka 1981, na kifurushi cha bure kiitwacho HMR, cha programu ya takwimu ya R, huifanyia kazi.

Pima kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, joto la udongo linapokaribia wastani wa siku. Baada ya mbolea au mvua ya kwanza, pima kila siku kwa wiki moja au zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya oksidi ya nitrasi ya msimu hutoka katika siku hizo chache. Ukipita kila baada ya wiki mbili utakosa kilele chote. Na pete moja kwa kipande cha shamba ni bahati nasibu; weka nne.

Wauzaji hupenda kuandika kwenye boksi kwamba seti inapima kaboni ya udongo. Haipimi. Kaboni dioksidi inayoingia kwenye chemba imechanganya pumzi ya mizizi na ya vijidudu, na haisemi akiba ya kaboni ardhini imeongezeka au imepungua. Kwa akiba unahitaji sampuli hadi sentimita 30, uzito wa udongo kwa ujazo, na maabara. Udongo wenye asilimia 1.5 ya kaboni na gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo una tani 58.5 kwa hekta. Ongezeko la tani 0.3 kwa mwaka ni nusu ya asilimia moja tu, halionekani kwa mwaka mmoja.

Hata hivyo hapo ndipo seti inapolipa. Tani 0.3 za kaboni kwa hekta ni sawa na tani 1.1 za kaboni dioksidi. Mbolea iliyoleta ongezeko hilo ikitoa kilo 1.5 za nitrojeni kama oksidi ya nitrasi, ni kilo 2.36 za gesi, na kwa kizidisho cha 273, yaani nguvu yake ya kuongeza joto ikilinganishwa na kaboni dioksidi, ni sawa na kilo 643 za kaboni dioksidi. Zaidi ya nusu ya faida imeliwa, na sampuli ya udongo isingekuonyesha hilo kamwe.

Mashine za leza za kubebeka husoma kila sekunde na kumaliza chemba kwa dakika tatu hadi tano. Ni bora, hakuna ubishi, ila bei yake ni ya taasisi, na moja haiwezi kuwa kwenye pete 16 kwa wakati mmoja. Mwenye mradi wa methani kwenye mpunga atafute chemba ndefu zaidi, maana kwenye hii mimea itapinda.

Unapoagiza, ongeza vizibo vya butili mara mbili ya idadi ya vichupa, na gesi ya kiwango kinachojulikana. Jaza vichupa vitano kwa gesi hiyo na uvisafirishe pamoja na sampuli. Vikirudi na namba pungufu, tatizo liko kwenye vizibo, wala usiulaumu udongo.